Kutoka msitu wa Maringa mpaka Spa-Francorchamps: historia ya pine ya mbio

Shuleni tulisoma historia ya kauchu kwa namna moja tu: Léopold II, Force Publique, mikono iliyokatwa, halafu tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji ikachukua nchi, halafu mtihani, basi. Mwalimu hakutuuliza, na sisi hatukumuuliza: Bazungu walitaka mpira wote ule wa kufanya nini? Sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya swali lingine, swali ambalo vijana wa Bulaya wenye motokari za sport wanaulizana kila mwaka baridi inapoisha. Nivalishe motokari yangu pine gani, kama siku za kazi ninaiendesha barabarani na siku ya posho ninaipeleka kwenye uwanja wa mbio?

Najua wengi wetu hapa hatuna motokari ya sport, na kesho hatutakuwa nayo. Lakini swali hili lilinifikia mimi mwenyewe. Niko na mdogo wangu, mtoto wa baba mkubwa, anakaa Liège. Alinunua Mazda MX-5 ya okazi, kagari kadogo ka watu wawili, uzito wa tani moja na kidogo. Anaenda nayo kazini, anafanyia nayo soko, na mara tatu nne kwa mwaka analipa, anaingia Spa-Francorchamps, anazunguka, anarudi nyumbani na pine zile zile. Hana trela ya kubebea seti ya pili. Aliniandikia: "Yaya, wewe unasomaka kila kitu, nichague gani?" Mimi nilisoma historia, si umekanika. Njo maana nilimjibu kwa kirefu, na nyinyi mtanivumilia kama yeye alivyonivumilia.

Pine ya hewa ni mzee kuliko motokari. Charles Goodyear, Mumarekani, aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hauyeyuki tena kwenye joto wala hauwi mgumu kama ubao kwenye baridi. (Alikufa mwaka 1860 na madeni mengi. Kampuni yenye jina lake ilianzishwa 1898 na watu wengine kabisa, walichukua jina tu.) Mwaka 1845 Robert William Thomson, Muskoti, aliandikisha wazo la kuweka hewa ndani ya pine. Wazo likasahauliwa. Kiisha mwaka 1888 akaja John Boyd Dunlop, Muskoti mwingine, daktari wa wanyama kule Belfast, akaandikisha pine ya hewa aliyokuwa ametengenezea kinga ya mtoto wake, ile ya magurudumu matatu.

Juu gani wazo la Thomson lilikufa na la Dunlop likaishi? Kwanza, wakati wa Dunlop kinga zilikuwa zimejaa kila mji. Lakini zaidi, ni mbio. Mwaka 1889 kijana mmoja wa Belfast, Willie Hume, alivalisha kinga yake pine za Dunlop akawashinda wenzake, na kutoka hapo hakuna mkimbiaji aliyetaka tena pine ya mpira mtupu. Mwaka 1891 Charles Terront alishinda Paris-Brest-Paris, karibu kilometa 1,200, na pine za ndugu wawili wa Clermont-Ferrand, André na Édouard Michelin. Mwaka 1895 hao ndugu wakavalisha motokari pine za hewa, wakaingia mbio ya Paris-Bordeaux-Paris. Motokari yao iliitwa Éclair. Pine zilipasuka mara nyingi sana, walitia viraka njia nzima, na hawakushinda. Lakini watu waliona kwa macho kwamba motokari inaweza kukimbia juu ya hewa.

Kumbukeni jambo moja hapo: mwaka 1895 uwanja wa mbio za motokari haukuwepo. Mbio ilifanyika kwenye barabara ya watu wote, kati ya mbuzi na mikokoteni. Donc pine ya kwanza ya motokari ilikuwa tayari pine ya barabara na ya mbio kwa pamoja. Kile ambacho mdogo wangu anatafuta leo kwa bei kali ndicho kitu walichoanza nacho.

Sasa turudi kwetu. Kinga za Bulaya zikataka mpira, kiisha motokari nazo zikataka mpira, na miti ya kupandwa ilikuwa bado midogo. Henry Wickham alikuwa ametoa mbegu karibu 70,000 za mti wa mpira kule Brazili mwaka 1876, akazipeleka London, na kutoka hapo miche ikafika Asia. Lakini mti wa mpira unangojewa miaka kabla ya kugemwa, na watu wa Asia walianza kuupanda kwa wingi nyuma sana. Katikati ya hapo kulikuwa na nafasi ya miaka kama ishirini ambamo mtu mwenye mpira wa porini angetajirika. Léopold aliiona nafasi ile. Mwaka 1892 kampuni ya ABIR ilipewa bonde la mito Maringa na Lopori. Kongo iliyokuwa inatoa kama tani 100 za kauchu mwaka 1890 ilitoa karibu tani 6,000 mwaka 1901.

Kauchu yetu haikutoka kwenye mti uliopandwa kwa mistari. Ilitoka kwenye mitambaa, zile kamba za msituni zinazopanda juu ya miti mikubwa. Mtu aliingia msituni siku nyingi, akapanda, akakata, akakinga utomvu. Mara nyingine aliupaka mwilini mwake ukauke, kiisha akaubandua na nywele zake. Kijiji kiliwekewa kipimo, na wanawake walifungwa mpaka waume zao walete kipimo hicho. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mke wa misionari wa Baringa, alipiga picha ya Nsala wa Wala, amekaa anaangalia mkono na mguu wa Boali, binti yake. Wengi wetu tumeiona picha ile. Mara chache tunaambiwa kwamba iko ndani ya eneo la ABIR, na kwamba mwaka ule ule Bulaya watu walikuwa wanabishana kama pine ya mbio iwe na ngozi juu au misumari ili isiteleze.

Sitaki kusema uongo: si kauchu yote ya Kongo ilienda kwenye pine. Kulikuwa na mikanda ya mashine, makoti ya mvua, nyaya za umeme. Lakini kinga na motokari ndizo zilizopandisha bei, na bei ndiyo iliyofanya kipimo kisipungue hata mitambaa ilipoanza kuisha. Sisi wanahistoria tunapenda kueleza ukatili kwa tabia ya wakatili. Mimi naona ni vizuri tuweke pia karatasi ya bei mezani.

Turudi kwenye pine. Pine za kwanza hazikuwa nyeusi, zilikuwa na rangi ya mpira wenyewe au nyeupe. Zilikatika haraka sana. Weusi ulikuja karibu na mwaka 1910, wakati viwanda vilipoanza kuchanganya mpira na masizi, unga mweusi wa moshi, wakaona pine inaishi mara nyingi zaidi. Wakati ule viwanja vya mbio vilikuwa vimeanza kujengwa: Brooklands kule Uingereza mwaka 1907, Indianapolis kule Marekani mwaka 1909. Hapo pine ya mbio na pine ya barabara zikaanza kuachana.

Mtu wa kwanza kuielewa vizuri hesabu ya pine, kwa maoni yangu, ni Ray Harroun. Mwaka 1911, mbio ya kwanza ya maili 500 kule Indianapolis, alihesabu kwamba akikaa karibu na maili 75 kwa saa pine zake zitadumu, na akizidisha kidogo tu zitakwisha haraka, atasimama kubadilisha, atapoteza dakika. Alikaa pale pale. Alishinda kwa mwendo wa wastani wa maili 74.6, yaani kilometa 120 kwa saa, kwa saa sita na dakika arobaini na kitu.

Juu gani haiwezekani kupata pine inayoshika sana na inayodumu sana? Iko hivi. Lami si laini, imejaa vijiwe. Mpira unapokanyaga kijiwe unajikunja, kiisha unarudi. Mpira unaorudi haraka kama mpira wa kuchezea haushiki vizuri, unaruka tu. Mpira unaochelewa kurudi ndio unaoshika, lakini ile nguvu isiyorudishwa inageuka kuwa joto, na joto linakula pine. Mpira wa asili, ule wa mtambaa na wa mti, unarudi haraka sana. Njo maana mpaka leo uko mwingi ndani ya pine za malori na za ndege, ambazo hazitakiwi kupata joto. Pine za mbio zinategemea zaidi mpira wa kiwandani, unaotoka kwenye petroli.

Na mpira wa kiwandani ulikua kwa sababu ya vita. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani walichukua Malaya, kiisha visiwa vya Indonesia, na upande wa akina Marekani ukakosa karibu mpira wote wa mashamba. Marekani ilijenga viwanda vya mpira wa petroli kwa haraka ambayo haijaonekana. Na Kongo? Mwaka ule ule siku za kazi ya lazima vijijini zilipandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kukata mitambaa tena. Kuna wazee walioona kauchu ya Léopold wakiwa watoto na kauchu ya vita wakiwa na wajukuu. Hii sehemu ya pili haiko kwenye mtihani hata kidogo, na nadhani mtu anayetafuta kichwa cha TFC angeishika.

Baada ya vita mambo yalienda mbio. Mwaka 1946 Michelin iliandikisha pine ya radiali: nyuzi zinapita moja kwa moja kutoka ubavu mmoja mpaka mwingine, na juu yake mkanda wa chuma. Ubavu unakuwa laini, uso unabaki tambarare kwenye lami hata kwenye kona. Pine zote za motokari ndogo tunazoziona leo ni watoto wa ile. Mwaka 1971 Formula 1 ikaanza kutumia pine zisizo na mistari kabisa, uso mtupu kama kipara. Bila mifereji, mpira mwingi zaidi unagusa chini. Mvua ikinyesha, mtu anabadilisha. Barabarani huwezi kubadilisha kwa sababu wingu limepita. Hapo ndipo zile pine mbili zilipoachana kabisa.

Zikaanza kurudiana kidogo kidogo. Miaka ya 1970 Pirelli ilitengeneza P7, pine pana yenye ubavu mfupi, iliyotokana na rali, na Porsche ikaiweka kwenye 911 Turbo ya kuuzwa kwa watu. Kiisha zikaja pine ambazo sheria inakubali ziende barabarani lakini mpira wake ni wa mbio na mifereji ni michache sana. Watu wanaziita semi-slick, nusu kipara. Mdogo wangu aliziweka juu kabisa ya liste yake.

Na hapa Spa inaingia. Wabelgiji waliifanya Spa-Francorchamps mwaka 1921 kwa kuunganisha barabara za kawaida kati ya Francorchamps, Malmedy na Stavelot, karibu kilometa 15. Mwaka 1979 waliifupisha mpaka karibu kilometa 7, na hata hivyo sehemu zake ziliendelea kwa miaka mingi kuwa njia ya watu wote siku zisizo za mbio. Ni mahali ambapo barabara na uwanja vilikuwa kitu kimoja kwa muda mrefu kuliko karibu popote. Tena ni milima ya Ardennes: jua liko upande huu, mvua iko upande ule. Mwaka 1966 madereva wa Formula 1 walianza mbio pakiwa pakavu, wakakutana na mvua kali kwenye mzunguko wa kwanza, motokari nyingi zikatoka njiani. Jackie Stewart alibanwa ndani ya yake, petroli ikimwagikia mwili wake, zaidi ya dakika ishirini. Kutoka siku ile alipigania usalama wa viwanja maisha yake yote ya mbio.

Nikamwandikia mdogo wangu: wewe unaenda Spa na pine nusu kipara, kiisha unarudi Liège usiku kwa autoroute ya mvua. Mifereji ya pine kazi yake ni kutoa maji. Ikikosekana, pine inaelea, na pine inayoelea haina fre wala usukani.

Alinijibu kwamba wanaoshinda wote wanatumia semi-slick. Nikampa mfano wa Indianapolis, tarehe 19 Juni 2005. Michelin walileta pine nzuri sana, zilizokuwa zinashinda mwaka ule. Lakini kona ya mwisho ya Indianapolis imeinama kama bakuli, inakandamiza ubavu wa pine kuliko viwanja vingine, na siku ya Ijumaa pine ya Ralf Schumacher ilishindwa, akagonga ukuta. Siku ya mbio motokari 14 za Michelin zilizunguka mara moja, zikarudi ndani. Zilibaki 6 tu za Bridgestone, mbele ya watu waliolipa tiketi. Pine ile ilikuwa nzuri, ila haikuwa ya mahali pale.

Kwa hiyo mahali pake ni wapi? Tuhesabu. Siku nne za uwanja kwa mwaka, siku mia tatu na zaidi za barabara, na Ubelgiji mvua hainyeshi kwa msimu kama kwetu, inanyesha tu. Asubuhi za baridi, chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wa majira ya joto unakuwa mgumu, na ule wa semi-slick ndio mbaya zaidi, kwa sababu unataka joto kali kabla ya kuanza kushika. Ukienda nao kununua mkate, haupati joto hilo kabisa.

Kwenye ubavu wa pine nyingi kuna namba inayotokana na sheria ya Marekani, treadwear. Pine ya kulinganishia imepewa 100, na pine zinajaribiwa kwenye barabara za Texas zaidi ya kilometa 11,000. Pine yenye 200 inatakiwa kudumu mara mbili ya ile. Toyo R888R, ambayo ni semi-slick, ina 100. Michelin Pilot Sport 4S, pine ya barabara yenye roho ya mbio, ina 300. Katikati kuna kundi la 200 ambalo wapenda uwanja wa Marekani wanalichezea sana. Lakini muwe macho: namba hiyo anaiandika mtengenezaji mwenyewe, na klabu zilipoweka sharti la "200 kwenda juu", zikatokea pine zenye 200 ambazo zinakwisha kama sabuni. Bulaya kuna pia karatasi inayobandikwa kwenye pine mpya, yenye herufi A mpaka E kwa kusimama kwenye maji. Mimi ningeanza na herufi ile kabla ya namba yoyote.

Nilimwambia achukue pine ya kundi la 300 yenye A kwenye maji, na aendeshe uwanjani kwa akili: mizunguko miwili mitatu ya nguvu, kiisha mmoja wa polepole ili mpira upoe, maana pine ya barabara ikizidi joto inateleza kama imepakwa mafuta. Apime hewa pine zikiwa moto, mara tu anapotoka, kwa sababu ile aliyoweka asubuhi imepanda. Na aangalie ukingo wa nje wa pine za mbele, hapo ndipo uwanja unapokula kwanza. Alichukua za 200. Ni feza zake. Aliniambia kwenye kavu ni tamu sana, na kwenye mvua anapunguza mwendo. Hilo la mwisho nililipenda.

Nimalizie na hapa Lubumbashi. Mapine mengi ya okazi kwa bakwado wetu yametoka Bulaya, yakiwa yameshatumiwa. Ndani yake mara nyingine unakuta pine pana ya mifereji michache, na muuzaji anakuambia kwa heshima yote kwamba hii ni ya sport, inashika kuliko zote. Pindua ubavu. Tafuta herufi DOT, na mwisho wake namba nne: 2316 maana yake juma la 23 la mwaka 2016. Tafuta treadwear. Kama ni 100 na mpira una miaka minane, ule ulaini uliomfaa mtu wa Spa umeshakauka, umebaki mgumu, mifereji haipo, na mvua ya Januari inakuja na balabala iliyojaa maji mpaka kwenye ukingo. Muulize kama ana pine ya kawaida ya kipimo hicho hicho. Mara nyingi anayo, iko nyuma, na bei yake iko chini.